Nafasi Sita

Shilingi elfu mbili kujaza, mia tano kuchapa;
bei nimeibandika ukutani kwa selotepu.
Mimi, Drileba wa duka la fotokopi, hapa Oli, mjini Arua,
kozi za vyuo nazijua kama karani wa soko ajuavyo vibanda:
Sayansi ya Kompyuta, miaka mitatu, hesabu ni lazima.
Uhandisi wa Programu, minne.
Mifumo ya Habari, kwa wanaopenda kuvaa tai.
Na hii mpya, jina refu kuliko kisanduku cha fomu:
Kompyuta za Intaneti na Midia Anuwai.
Kila nikiiandika inakatika kwenye "Anu".

Ayikoru amekuja na mjomba wake.
Mjomba Onzima ameshika matokeo ndani ya bahasha ya kaki,
ameyashika kama yai la kukopa.
"Andika Uhasibu," ananiambia mimi, hamwambii yeye.
"Fedha haziishi kuhesabiwa."
Naandika Uhasibu. Nafasi ya kwanza.
Kidole changu ni cha kukodi, hakina maoni.

"Na ya pili?"
Msichana hajibu. Anatoa daftari la fizikia,
anabana ncha za kurasa kwa kidole gumba,
anaziachia, frrrr,
na mbuzi anatembea.
Mbuzi wa wino wa bluu, kando ya sheria za mwendo,
kutoka ukurasa wa kumi hadi wa themanini na nne,
anatembea
akichechemea.

"Mguu wa nyuma," anasema. "Huu wa kushoto.
Nimeufuta mpaka karatasi imetoboka.
Nimelala kifudifudi soko la mifugo nitazame kwato,
wakanicheka.
Akiinua mguu, uzito wake unakwenda wapi?
Nionyeshe kozi inayofundisha hilo."

Nimejaza fomu zaidi ya mia tatu kwenye kiti hiki.
Wameniuliza ipi ina kazi, ipi ina mkopo,
ipi haina hesabu, ipi ina wasichana.
Uzito wa mbuzi, hapana.

Nashuka taratibu kwenye skrini.
Mwaka wa kwanza: programu, hesabu, mitandao.
Wa pili: sauti, picha, hifadhidata, kurasa za wavuti.
Wa pili, muhula wa pili (mimi niliishia muhula wa kwanza,
ada, hadithi ndefu):
uhuishaji.
Nalisoma kwa sauti, linajaa mdomo.
"Maana yake?" anauliza mjomba.
"Kutia uhai."
"Hiyo si kazi ya Mungu?"

Na umeme ukakatika.

Skrini ikawa kioo, sisi watatu tumo ndani.
Jenereta za majirani zikaanza kukohoa,
moja, nyingine, ya kinyozi, ya duka la dawa.
Yangu haina petroli tangu Jumatatu.
Mjomba akawasha tochi ya simu,
akanyosha mkono, akachukua daftari.
Frrrr.
Tena. Frrrr.
Miaka kumi na saba aliswaga mbuzi mpaka Vurra,
vumbi la mpakani bado limo kwenye kikohozi chake.

"Umeanza na wa mbele," akasema.
"Mbuzi huanza na wa nyuma.
Wa nyuma unakuja, wa mbele unaupisha,
unakanyaga palepale mwenzake alipotoka.
Nani kakwambia utazame kwato? Tazama bega."
Akapiga magoti mbele ya mashine yangu ya fotokopi,
mzee mzima, mikono sakafuni,
akatembea hatua nne.
Ayikoru hakucheka. Alikuwa anachora.

Umeme uliporudi, fomu ilikuwa imefutika yote,
sanduku sita nyeupe, kishale kinapepesa.
"Nafasi ya kwanza?" nikauliza.
Mjomba alikuwa anajipangusa magoti,
anasoma bei ukutani kana kwamba ni mpya.
"Lile jina refu," akasema. "Litaenea?"
"Litakatika."
"Andika hivyohivyo."

Uhasibu niliuweka wa pili.
Hakuna aliyeniambia.